Mtungi Usio na Mdomo: Jinsi Miti ya Kwetu Inavyoweka Akiba ya Maji

Kitendawili! Tega. Mtungi wangu hauna mdomo, haujazwi kwa ndoo wala haumwagiki ukiinamishwa, lakini jua likiwaka miezi na miezi bado una maji.

Mpenzi msomaji, umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Garissa? Ahsante. Nimefika Garissa, nikala nyama ya ngamia, nikaiteremsha kwa chai ya maziwa, nikashiba ndi! Jibu ni mti.

Sisi wa Garissa tunajua thamani ya maji kuliko mtu wa Kakamega. Kule mvua ya mwaka mmoja hukaribia milimita 2,000. Hapa kwetu ni kama milimita 300 hivi, nazo huja kwa misimu miwili: gu, yaani mvua za Aprili na Mei, na deyr, mvua za Oktoba hadi Desemba. Katikati yake kuna jilaal na hagaa, vipindi vya ukavu ambapo ardhi hupasuka na upepo hubeba vumbi hadi ndani ya sahani. Mto Tana tunao, hilo silikatai. Lakini ukiuacha kwa kilomita chache tu, maji ni ya kununua mtungi kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni wa punda. Hata hivyo, katika pori lilo hilo kuna miti iliyosimama bila mfereji, bila punda na bila senti mfukoni. Je, inaishi kwa nini?

Makala haya nimeyapata kwa walimu wawili. Wa kwanza ni mwalimu wetu wa Biolojia. Wa pili ni nyanya yangu, ambaye sisi humwita ayeeyo. Yeye anakaa upande wa Modogashe na hajawahi kuketi kwenye dawati, lakini miti anaijua kama mimi ninavyowajua wanafunzi wenzangu darasani.

SAFARI YA MAJI NDANI YA MTI

Kabla hatujazungumzia akiba, ni vyema tujue maji hupitia wapi. Mizizi huyafyonza kutoka ardhini. Kisha yanapanda kwa mirija myembamba sana iitwayo zailemu. Mirija hiyo ndiyo mbao yenyewe. Hata dawati unaloandikia sasa ni mirija ya zailemu iliyokauka na kupigwa randa.

Juu kwenye majani kuna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo huitwa stomata. Jani hulazimika kuvifungua ili liingize hewa ya kaboni ya kupikia chakula chake. Lakini mlango ukiwa wazi, mgeni akiingia mwenyeji naye hutoka: maji hutoroka kama mvuke. Kila chembe ya maji inayotoroka huivuta iliyo nyuma yake, nayo huvuta iliyo nyuma yake, mpaka chini mizizini, kama vile kamba inavyoivuta ndoo kutoka kisimani. Jambo hili lilielezwa mwaka wa 1894 na wanasayansi wawili wa Dublin, Henry Dixon na John Joly. Ndiyo maana mti mrefu hupandisha maji bila pampu wala dizeli.

Sasa sikiliza ajabu. Katika maji yote yanayoingia mtini, zaidi ya asilimia 95 hupita tu yakaenda zake hewani. Mti ni kama mtu anayepokea kibarua asubuhi na kukimaliza jioni. Basi ile siku ambayo kibarua hakuna, atakula nini? Wahenga walisema akiba haiozi. Miti ya kwetu ililisikia neno hilo zamani sana.

AKIBA INAKAA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba ndani ya mti wenye maji mna shimo kama tangi. Sivyo hata kidogo. Ukilikata tawi na kulitazama kwa upande, utaona tabaka zinazofuatana kama za kitunguu. Tuzipitie kutoka nje kwenda ndani.

Kwanza ni gome la nje. Hili limeshakufa, nalo limejaa vitu vya mafuta na nta. Kazi yake ni kufunika. Ni kama kifuniko cha mtungi: chenyewe hakiweki maji, lakini ukikiondoa jua litayanywa yote.

Pili ni gome la ndani. Hili ni hai, laini, na mara nyingi lina unyevu ukiligusa. Humu hupita njia nyingine iitwayo floemu, inayoteremsha sukari kutoka majani hadi mizizi. Vilevile mna seli laini za parenkima, na seli hizi ndizo vibuyu vya mti. Mchana majani yakivuta maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuleta, seli za gome hutoa maji yao kidogo kidogo na kunywea. Usiku majani yakifunga milango, maji yanayopanda kutoka mizizini huzijaza tena, nazo hufura. Kwa hivyo shina la mti hukonda mchana na kunenepa usiku! Badiliko lenyewe ni dogo, si la kuonekana kwa macho, lakini wataalamu hulipima kwa kufunga chombo maalumu kwenye shina.

Tatu ni mbao changa, ile sehemu nyeupe inayofuata gome. Humu mna mirija ya zailemu na mna parenkima pia. Katika miti minene yenye mbao laini, hapa ndipo penye ghala kubwa kuliko yote.

Nne ni kiini. Katika miti mingi sehemu hii imeshakufa, ni ngumu na rangi yake imekolea. Kazi yake ni kuusimamisha mti.

Labda utauliza, seli inayashikaje maji yasitoke? Mwalimu wetu alitueleza kwa mfano wa jikoni. Ukikata nyanya na vitunguu vya kachumbari ukatia chumvi, baada ya muda bakuli hujaa maji. Chumvi imeyaita. Seli ya mti nayo huweka ndani yake sukari na chumvichumvi, na vitu hivyo huyaita maji na kuyashikilia. Kwa hivyo maji ya mti hayako huru kama maji ya ndoo. Yamefungwa ndani ya mamilioni ya vijumba vidogo, na kila kijumba kina ukuta wake.

JARIBIO LA SHULENI

Sikutaka kuamini kwa masikio tu. Mimi na wenzangu wawili tuliomba ruhusa, tukaleta kwenye maabara vijiti viwili vya unene mmoja na urefu mmoja. Kimoja kilikuwa cha mgunga, kingine cha hagar, ule mti wa rangi ya kijivu ambao gome lake hubambuka kama karatasi. Tulivipima vyote viwili kwa mizani, tukaviacha juani juu ya bati la maabara kwa majuma matatu, kisha tukavipima tena.

Kijiti cha mgunga kilipungua, lakini kilibaki kizito na kigumu. Kile cha hagar, lo! Kilikuwa chepesi kama boksi tupu, na gome lake lilikuwa limejikunja. Sehemu kubwa ya uzito wake ilikuwa maji matupu. Hata wewe msomaji unaweza kulifanya jaribio hili nyumbani. Mizani ya muuza sukari inatosha, mradi umwombe kwa adabu.

Kuna ushahidi mwingine ambao kila mtu aliyepika kwa kuni ameuona. Ukitia jikoni kuni mbichi, ncha yake iliyo nje ya moto huanza kulia: fiii! Kisha hutoa povu. Povu hilo ni maji yaliyokuwa ndani ya mbao, yamepata moto na kukimbia kupitia ile mirija ya zailemu niliyoieleza.

WAWEKA AKIBA NA WACHIMBA VISIMA

Miti ya jangwa haina tabia moja. Mimi nimeigawa katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni waweka akiba. Wakubwa wao hapa kwetu ni hagar na malmal, ndugu wa ukoo mmoja. Malmal ndio mti utoao manemane. Mbao zake ni laini, na mvua ikikoma hupukutisha majani yote ili maji yasitoroke. Halafu inasimama uchi miezi mingi. Lakini haikulala! Chini ya lile gome jembamba linalobambuka kuna ngozi ya kijani kibichi. Mwangaza wa jua hupenya hadi pale, na shina lenyewe hutengeneza chakula kidogo. Mti hupika bila kufungua madirisha ya majani. Ama kweli, huo ni ujanja wa sungura.

Katika kundi hili pia yumo yule mfupi mnene mwenye shina kama chupa na maua ya rangi ya waridi, ambaye watu wa mjini humpanda kwenye vyungu mbele ya nyumba. Unene wake ni ghala la maji. Lakini tahadhari! Utomvu wake una sumu kali, na zamani baadhi ya wawindaji wa Afrika waliupaka kwenye mishale. Maji yapo, ila si ya kunywa.

Mfalme wa waweka akiba ni mbuyu. Hapa Garissa mjini hatuna mibuyu ya kujivunia, lakini ukisafiri kwenda Pwani, Ukambani au Tsavo utaiona imesimama kama ndovu. Mbao yake ni laini na imejaa seli hai zenye maji. Mbuyu mbichi, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ukiangushwa na kukauka, hausalii mti wa kutengenezea meza, bali nyuzinyuzi kama za kamba ya mkonge.

Kundi la pili ni wachimba visima. Mgunga ni mmoja wao. Mbao zake ni ngumu na nafasi ya kuweka maji ni ndogo, basi hutuma mizizi chini kabisa kuyatafuta. Mathenge naye yumo humu. Mti huu wa kigeni ulipandwa kule Bura miaka ya 1980 ili kuzuia mchanga na kutoa kuni, na sasa umezagaa kando ya Tana mpaka njia za mifugo zinaziba. Huko Marekani, mizizi ya jamaa zake ilionekana ndani ya mgodi zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Hiyo si mchezo! Mti wa namna hiyo hauhitaji akiba kubwa shinani, kwani akaunti yake iko ardhini.

MAJI HAYO HUTUMIKA LINI?

Hapa ndipo nilipojifunza jambo nisilolitarajia. Mtu akiwa na tangi, hunywa siku maji ya mfereji yanapokatika. Nilidhani mbuyu nao hufanya vivyo hivyo: jua likizidi, unakunywa kutoka shinani na kuendelea na kazi kama kawaida. Watafiti waliochunguza mibuyu ya kisiwa cha Bukini, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2006, waligundua vingine. Mibuyu ile ilitumia maji ya shinani kuchipuza majani mapya kabla ya mvua kuanza. Lakini majani hayo yakishatoka, stomata zake zilibaki zimefungwa mpaka mvua iponyesha kweli. Yaani mti haukuyafuja maji ya akiba kwa matumizi ya kila siku. Uliyatumia kujiandaa, ili mvua ikinyesha siku ya kwanza, ukute majani yako tayari kazini.

Tena kuna sababu nyingine ya kubana matumizi. Mbao ya mbuyu ni laini mno, na maji yaliyo ndani ya seli zake ndiyo yanayouimarisha, kama upepo ndani ya gurudumu la baiskeli. Ukiyatoa mengi mno, mti mzima utalegea. Akiba ya mbuyu ni chakula na ni nguzo.

Nilipomweleza ayeeyo habari hizi, alicheka. "Ayeeyo," akaniambia, maana kwetu nyanya humwita mjukuu kwa jina lilo hilo analoitwa yeye, "hayo yameandikwa kitabuni mwaka wa 2006? Sisi tunajua tangu zamani kwamba hagar ikianza kutoa vichipukizi na mbingu bado nyeupe, unatengeneza paa la aqal kabla hujanyeshewa."

Je, mtu mwenye kiu anaweza kutoboa mti akanywa? Wengi huamini hivyo, lakini kumbuka vile vijumba vidogo vya seli. Ukitoboa shimo, maji hayatatiririka kama mferejini. Ndovu hujua hivyo. Kule Tsavo, hasa wakati wa ukame mkali wa 1970 na 1971, walibambua mibuyu kwa pembe, wakatafuna mbao na magome ili wakamue maji kwa meno yao. Watu wa Kordofan nchini Sudan walitumia mibuyu kuhifadhi maji, lakini yao ni hadithi nyingine: mibuyu ile ina uvungu ndani, nao waliujaza maji ya mvua kwa mikono yao, wakayateka wakati wa kiangazi. Tangi lile ni la binadamu, mti umelikodisha tu.

Vilevile gundi na ubani unaotoka kwenye magome si maji ya akiba. Ni dawa ya kidonda. Gome likipasuka au likitobolewa na mdudu, mti hutoa ulimbo na kuziba mahali pale, kama sisi tunavyofunga kitambaa. Huku kwetu wachungaji na akina mama huokota zaidi ule uliojitokeza wenyewe, na hilo ni jambo jema. Anayeukatakata mti kila mara ili apate ubani zaidi anauongezea vidonda.

MTI USIO NA MAJANI SI MAITI

Mpenzi msomaji, sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kuanzia mwisho wa mwaka wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Wataalamu walisema ukame kama huo haukuwa umeonekana kwa miaka 40. Nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa, na sisi wa Kaskazini Mashariki ndio tuliokuwa katikati ya jiko. Mbuzi wa ayeeyo walikwisha mpaka wakabaki kumi na mmoja. Pori lote lilikuwa la kijivu. Ukitazama, ungesema kila kitu kimekufa.

Wakati huo vijana fulani walikuja na mkokoteni karibu na kwa ayeeyo wakaanza kufyeka hagar. Desturi ya wazee wa pale ni kwamba mti mkavu ni ruhusa kuchukua, lakini mti mbichi ni mwiko. Ayeeyo akatoka na kisu chake cha jikoni akiwaita.

"Ayeeyo, usitugombeze bure," mmoja akasema kwa heshima. "Miti hii imekufa kitambo. Hakuna hata jani moja."

"Imekufa?" akauliza. "Njooni basi mguse maiti, mniambie kama imepoa."

Akakwaruza shina kidogo tu, kama upana wa ukucha. Chini ya ile karatasi ya gome pakatokea kijani kibichi kama majani ya mchicha, na unyevu ukaonekana. Vijana wakatazamana. Waliacha kukata, lakini miti kadhaa ilikuwa imeshalala chini. Hiyo waliyoichukua wala haikuwafaa. Jioni hiyo ilitoa povu na moshi mpaka wapishi wakalia machozi.

Mwezi wa Novemba 2023 mvua kubwa za El Nino zilipokuja, barabara zilikatika na mafuriko yakatutesa vibaya. Lakini ile miti iliyoachwa ilivaa majani upesi, na wale mbuzi kumi na mmoja walikuwa wa kwanza kula. Pale palipofyekwa palibaki visiki na mchanga. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aliyekata hagar ya kijivu hakuchukua kuni tu. Alimwaga maji ambayo mti ulikuwa umeyalinda kwa zaidi ya miaka miwili, siku chache tu kabla ya sikukuu kwa hesabu ya mti.

Huku mjini nako tuna kosa letu. Tazama mwarobaini wowote ulio karibu na soko au kituo cha mkokoteni. Punda amefungwa hapo kwa kamba, na kamba imekula gome pande zote mpaka mbao nyeupe inaonekana. Wengine hufunga waya wa nguo, wengine hubambua magome ya dawa kwa kuuzunguka mti. Watu husema, "Si gome tu?" Kumbuka tabaka zetu. Gome la nje likiondoka, kifuniko kimeondoka na maji yanakauka. Gome la ndani likikatwa kwa kuzunguka shina lote, floemu imekatika na sukari haishuki tena. Mizizi hufa kwa njaa pole pole, na siku mizizi ikifa hakuna wa kuleta maji. Mbuyu una bahati ya kuweza kuotesha gome jipya ukibambuliwa, lakini miti mingi haina bahati hiyo.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kabla ya kukata mti unaodhani umekufa, ukwaruze kwa ukucha au kisu mahali padogo. Ukiona kijani na unyevu, mti uko hai, unasubiri. Ukiona kahawia na ukavu, kwaruza tena matawi mengine na chini karibu na ardhi kabla hujatoa hukumu. Jaribio hili halina gharama na mtoto wa darasa la kwanza analiweza.

Pili, unapohitaji ua, usitumie vijiti vilivyokufa tu. Kata matawi machache ya hagar yenye unene wa mkono, uyachomeke ardhini kabla ya mvua. Kwa sababu yamebeba maji yao wenyewe, hayafi upesi kama matawi ya miti mingine. Hukaa yakingoja, kisha hutoa mizizi na kuchipuka. Ua wa boma la ayeeyo uliota namna hiyo, na sasa unatoa kivuli.

Tatu, mwenye punda afunge kamba kwenye kigingi. Na atakayechuna gome la dawa achukue kipande kidogo cha upande mmoja, asiuzunguke mti.

Nne, tuchague miche kwa akili. Serikali ilitangaza tarehe 13 Novemba 2023 kuwa sikukuu ya taifa ya kupanda miti, kwa shabaha ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka wa 2032. Ni shabaha njema, lakini mche mchanga hauna akiba yoyote. Shina lake ni jembamba kama kalamu, na vibuyu vyake ni vichache. Ukiupanda siku ya sherehe ukausahau kesho yake, umeuzika. Chama chetu kikipanda mche mmoja, na kimteue mwanafunzi mmoja wa kuunywesha maji hadi utakapoweza kujitegemea. Tuchague mgunga wetu, malmal na hagar, miti inayoijua jilaal, badala ya kukimbilia kila kilicho kigeni kama tulivyofanya na mathenge.

Hata mbuyu ulianza kama mchicha. Likizo hii ukienda nyumbani, iwe ni Masalani, Dadaab, Balambala, Wajir au Mandera, tafuta mti mmoja wa kijivu usio na jani hata moja. Ukwaruze kwa ukucha, uwaonyeshe ndugu zako ile rangi ya kijani, kisha uwaeleze ni kwa nini panga libaki alani.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu.